Kikaango Ndani ya Redio

Mwezi wa tatu, tarehe 6

Daftari hili kanipa Rubani. Kasema, "Baba Mkubwa, kila unachosikia na kila unachogusa kwenye ndege, andika. Kichwa chako siku hizi kinavuja." Kichwa changu hakivuji. Naandika kwa sababu daftari lenyewe zuri, lina jalada gumu.

Kwa atakayelisoma nikiwa sipo: Rubani ni binti wa marehemu mdogo wangu, nimemlea mimi tangu ana miaka tisa. Sasa anarusha ndege ndogo ya injini moja, viti sita, mali ya bwana tunayemwita Mwenye Ndege. Anapeleka dawa na vifurushi ng'ambo ya milima, anarudi na wagonjwa. Mimi ndiye fundi wa kila siku. Injinia mwenye cheti huja ndege ikishatimiza saa mia angani. Anatazama, anatia sahihi, anakunywa chai, anaondoka. Kazi naifanya mimi. Shule niliishia darasa la pili, lakini injini haijawahi kuniuliza darasa.

Shida ni redio. Mvua zimeanza juzi, na Rubani anasema akiwa juu hasikii vizuri mnara unapomwita. Mimi kelele za redio nimezigawa tatu. Kuna Mbu, analia kwa sauti nyembamba, injini ikipanda naye anapanda. Huyo anatoka kwenye jenereta ya injini. Kuna Saa, inagonga ta, ta, ta. Hiyo ni waya wa plagi unaovuja. Halafu kuna Kikaango, kama mafuta ya moto yaliyoingiwa na maji. Hiyo kwenye ndege hii sijapata kuisikia.

Kesho nitamaliza kazi.

Tarehe 7

Mvua. Hakuna kuruka.

Tarehe 9

Nimemkamata Mbu. Nilichukua redio yangu ndogo ya betri, nikaiweka mahali pasipo na stesheni, nikamwambia Rubani awashe injini. Nikapita nayo kandokando ya injini kama daktari na kile kidude chake cha masikio. Hapa kimya, hapa kimya, kwenye jenereta ikapiga mlio mwembamba. Kumbe kile kikopo kidogo cha kuchuja umeme kimekatika mguu. Nimeweka kipya. Mbu amekufa.

Rubani kanishika mkono kwa mikono miwili. Nimemwambia watu wa mjini wangeng'oa redio nzima.

Ndege yenyewe inapendeza. Kiangazi kilichopita niliipaka rangi mimi mwenyewe, nyeupe mikono miwili, mmoja juu ya mwingine, na mstari wa bluu ubavuni ambao hautetereki hata ukiupimia uzi. Mwenye Ndege alipiga picha. Injinia naye alisema "safi sana mzee," na huyo ni mtu bahili wa maneno.

Tarehe 12

Kimya. Nimeshinda.

Tarehe 15

Rubani karudi na uso wa ndimu. Anasema kelele ipo palepale. Nikamwambia Mbu nilimuua kwa mkono wangu. Akasema, "Si Mbu, Baba Mkubwa. Ni hicho Kikaango. Nikiingia kwenye wingu la mvua tu, kinaanza. Mnara nausikia kama mtu anaongea na mimi huku anakaanga samaki."

"Na ukitua?"

"Nikitua kinakuwa kimya kabisa."

Nimewasha redio chini, nikasikiliza nusu saa. Safi kama maji ya mtungi. Labda ni masikio yake. Marehemu mdogo wangu naye alikuwa na masikio mabovu, ukimwita kula anasikia, ukimwita kulima hasikii.

Tarehe 16

Nimepanda mnarani kumshika uchawi Kipaza. Kipaza ndiye anayeongea na marubani kutoka kule juu. Tunamwita hivyo kwa sababu hata akikuomba chumvi, uwanja mzima unajua. Ni mwenzangu wa drafti, lakini redio yake ni ya zamani kuliko ndoa yangu.

Nikamwambia, "Mitambo yako imeoza, mwanangu anasikia kikaango."

Ilikuwa inapita ndege nyingine, ya posta, ndani ya mvua ileile. Akaiita. Ikajibu vizuri, hata rubani wake alikohoa tukasikia kohozi.

"Mitambo imeoza, sivyo?" akasema Kipaza. "Shuka ngazi polepole, mzee mwenzangu, usije ukaanguka na majivuno yako. Ni mazito."

Tarehe 19

Nimeikuta Saa. Waya wa plagi ya tatu ulikuwa umechubuka ganda lake la nje. Nimeubadili. Rubani hakuwa na habari kwamba Saa ipo, ila mimi niliisikia. Alinishukuru, halafu akasema, "Baba Mkubwa, mimi naumwa tumbo, wewe umenitibu kidole."

Tarehe 20

Mvua.

Tarehe 21

Mvua. Kipaza kanifunga drafti mara tatu. Ubao wake umepinda.

Tarehe 24



Saa nne asubuhi Rubani alikuwa anarudi na mgonjwa mmoja, mama mjamzito, na nesi wake. Wingu lilikuwa limelala juu ya uwanja. Kipaza alikwisha kumruhusu atue. Sasa, yule dereva wa trekta la kukata nyasi akaona akatize njia ya ndege awahi upande wa pili kabla mvua haijazidi, na trekta likazama kwenye tope la ukingo, mkia wake umebaki juu ya lami. Mimi nilikuwa mlangoni mwa banda. Nilimsikia Kipaza bila redio, kwa dirisha lake lililo wazi: "Usitue. Zunguka. Nasema zunguka." Mara tatu.

Ndege ikatokea chini ya wingu ikaja moja kwa moja.

Dereva aliruka kutoka kwenye trekta akakimbia bila kiatu kimoja. Rubani aliona trekta amekwisha kugusa chini. Akakanyaga breki, ndege ikacheza kushoto, ikacheza kulia, ikasimama. Nilipima mwenyewe kwa hatua: kumi na mbili kutoka kwenye pua ya ndege hadi trekta. Hatua zangu si ndefu.

Mama yule alishuka mwenyewe akiwa amemshika nesi, badala ya nesi kumshika yeye. Rubani alibaki kwenye kiti. Nikafungua mlango. Akasema, "Sikusikia kitu. Kilikuwa kinakaanga tu." Akarudia. Hakuwa ananiambia mimi.

Tarehe 25

Kipaza ameandika ripoti. Ameandika kwamba rubani aliambiwa mara tatu azunguke na hakutii. Nikampandia mnarani tena.

"Hakutii au hakusikia?"

"Mimi naandika nilichosema na nilichoona. Masikio yake siwezi kuyaandikia."

"Huyu mtoto umemjua tangu anavuta kigari cha makopo hapo chini."

"Ndiyo maana nimeandika kwa mkono unaouma," akasema. Kwa mara ya kwanza aliongea polepole. "Kama angeua wale watu, ungetaka niandike nini?"

Nikashuka. Mkaguzi kutoka makao makuu anakuja tarehe 10 mwezi ujao. Kama ataona Rubani alikaidi amri, leseni inaondoka. Miaka sita ya kusoma, na shamba la marehemu baba yake tuliliuza kwa ajili hiyo. Hadi siku hiyo anaruhusiwa kuruka kupeleka dawa tu, bila abiria; fundi hahesabiwi abiria.

Tarehe 27

Mke wangu kaniuliza, "Baba Watoto, unatafuta kelele au unatafuta kuonekana umeipata?" Nikamwambia apike.

Tarehe 30

Leo nimefanya ndege inyeshewe na mvua yangu. Nimekopa mpira wa kumwagilia wa watu wa zimamoto, Rubani akawasha injini na redio, mimi nikaimwagia maji kuanzia puani hadi mkiani, juu, chini, kwenye antena, hadi nikalowa nguo zote. Watu wa zimamoto wakauliza kama naioshea harusi.

Redio kimya. Hata chururu.

Kwa hiyo si maji. Hapa nimekaa nafikiri hadi chai imepoa. Kelele inakuja kwenye mvua lakini haitoki kwenye maji. Kitu gani kipo kwenye mvua ya juu ambacho hakipo kwenye mvua ya zimamoto?

Tarehe 1 mwezi wa nne

Rubani anasema jibu ni rahisi, nipande nikasikilize mwenyewe.

Hapa lazima niseme ukweli, maana daftari ni langu. Nimetengeneza ndege miaka arobaini na moja na sijawahi kupanda hata moja. Watu hawajui. Nikiulizwa husema, "Daktari wa meno haingii mdomoni." Wanacheka, mambo yanaisha.

Nimemwambia goti linauma.

Akasema, "Goti halirushi ndege, Baba Mkubwa."

Tarehe 2

Nimepanda.

Nitaandika yote. Nilivaa koti la msibani kwa sababu ndilo lenye mifuko inayofungwa. Rubani alinifunga mkanda kama nilivyokuwa namfunga yeye vifungo vya sare ya shule, akanivisha vile vikombe vya masikio vya kusikilizia redio. Ndege ilipoacha ardhi nilitazama miguu yangu. Nilijua kila nati iliyokuwa inatushika, na nimeijua kwa uso, na bado mikono ilikuwa imeng'ang'ania kiti. Kumbe kuijua nati ni jambo moja na kuitegemea ni jambo jingine.

Hewa safi, redio safi. Nikasikia Kipaza akisema, "Huyo mzee amefunika macho?" Rubani akamjibu nimefunika moja.

Tukaingia kwenye wingu. Kwanza kukawa kweupe, halafu kijivu. Na hata kabla tone la kwanza halijapiga kioo, kikaanza. Kwa mbali, shhhh. Kisha kikawaka. Nimesikiliza redio maisha yangu yote lakini sijawahi kusikia kitu kama kile, kinajaa, kinajaa, halafu kinapasuka pa, kinanyamaza kidogo, kinaanza kujaa tena. Kama mtu anayemimina maji kwenye ndoo iliyojaa.

Nikasahau kuogopa. Hilo naliandika kwa sababu ni kweli.

Nikamwambia azime jenereta. Akazima. Kikaango kipo. Zima taa. Kipo. Zima kila kitu isipokuwa redio na injini. Kipo, tena kinatucheka. Basi hakitoki ndani ya ndege. Kinatoka nje, kwenye ngozi yake.

"Punguza mwendo," nikasema.

"Kwa nini?"

"Wewe punguza."

Akapunguza. Kikapungua. Akaongeza, kikaongezeka. Tumefanya hivyo mara nne, na mara ya nne mwanangu alikuwa anatabasamu, siku tisa tangu ajali ile sijamwona akitabasamu. Kitu kinachopungua ukipunguza mwendo ni msuguano. Ndege inasugua wingu. Mpira wa zimamoto ulilowesha ndege iliyosimama, haikusugua kitu.

Nilipotua nilitembea hadi bandani bila kushika ukuta. Kipaza anaweza kushuhudia.

Tarehe 3

Jana jioni nilikaa karibu na jiko la mkaa, nikachukua beseni la plastiki kavu, nikalisugua na sweta la sufu la mke wangu, redio ndogo imewashwa pembeni.

"Baba Watoto," akasema, "beseni limekukosea nini?"

Nikasogeza kidole. Pa. Na redio ikasema pa vilevile. Nikacheka peke yangu.

Leo asubuhi nikaenda kwenye ndege. Kwenye ncha za mbawa na mkiani kuna vijiti vyembamba vinavyoning'inia nyuma, sisi tunaviita ndevu. Zipo nane, tatu kila bawa na mbili mkiani. Kazi yake ni hiyohiyo: umeme wa msuguano ukijaa kwenye ngozi ya ndege, unatoka kidogo kidogo kwenye ncha za ndevu bila kelele. Nilifundishwa hayo nikiwa kijana. Usipopata njia, unajaa, unapasuka popote unapotaka, na redio inasikia kila mpasuko.

Nikachukua betri, balbu na nyaya mbili. Waya mmoja kwenye kitako cha ndevu, mwingine kwenye bolti isiyo na rangi ya mwili wa ndege. Kama vimeshikana, balbu inawaka.

Haikuwaka.

Nikajaribu ya pili. Haikuwaka. Ya tatu. Zote nane.

Nikafungua skrubu za ndevu ya kwanza, nikageuza kitako. Chini yake rangi nyeupe, mikono miwili, laini, hata alama ya brashi haina.

Ni rangi yangu. Kiangazi niling'oa ndevu zote ili nipake vizuri, kisha nikazirudisha juu ya rangi. Mimi sijawahi kuacha chuma uchi, naona ni kumwaibisha fundi. Na kulikuwa na karatasi ya maelekezo ndani ya kopo la skrubu, ina maandishi na picha. Niliirudisha kwenye kopo lilelile nikafunika. Karatasi ni za wanaoanza kazi. Wala kwenye fomu ya kazi sikuandika kwamba nimeng'oa kitu. Iliandikwa tu "ndege imepakwa rangi," Injinia akatia sahihi akiitazama ilivyong'aa.

Hakuna aliyeniona. Nikachukua msasa nikakwangua chini ya ndevu zote sita za mbawa hadi bati likaonekana, nikafunga, balbu ikawaka. Za mkiani zinataka ngazi, na ngazi ilikuwa imelowa. Nitazimaliza.

Sijamwambia mtu.

Tarehe 4

Mvua.

Tarehe 5

Rubani kapeleka dawa ndani ya wingu zito. Karudi anakimbia, ameshika vikombe vya masikio mkononi. "Kimeisha. Kimebaki kama mtu anayefagia nyumba ya pili. Umefanya nini?"

Nikasema nimekaza vitu.

"Vitu gani?"

"Vitu vya kukazwa."

Akanikumbatia. Mikono yangu sikujua pa kuiweka.

Tarehe 6

Leo alikuja bandani akakaa juu ya gurudumu kuukuu. Hakuwa na furaha tena.

"Nimefikiri jambo," akasema. "Mkaguzi akija atapanda na mimi kwenye mvua. Atasikia kila neno. Ataandika kwamba redio ni nzima. Sasa mimi nitasema nini? Kwamba kulikuwa na kelele ikaondoka yenyewe? Ataniuliza nani kaiondoa, na kwa kufanya nini."

Nilikuwa nasafisha plagi iliyokwisha kuwa safi.

"Baba Mkubwa, ulikaza nini?"

Nikamwambia goti limeanza tena, nikaenda nyumbani. Nilidhani namponya kumbe namziba mdomo. Kila nilipokwangua, nilikwangua ushahidi wake.

Tarehe 7

Sikwenda kazini. Nimesema naumwa. Mke wangu hakuuliza naumwa wapi.

Tarehe 8

Jua kidogo. Ngazi imekauka. Nilipanda hadi mkiani na msasa na bisibisi kumaliza zile ndevu mbili, maana kazi nusu si kazi. Nikiwa juu nikatazama ule mstari wa bluu ubavuni. Nimesema hautetereki. Ni kweli, hautetereki.

Nikashuka bila kugusa kitu.

Tarehe 10

Mkaguzi ni mwanamke mfupi, amevaa buti za mpira, haongei ovyo. Nilidhani atakuja bwana mkubwa mwenye tai. Tulikaa bandani: yeye, Rubani, Kipaza, Mwenye Ndege, na Injinia aliyeitwa kutoka mjini. Kipaza akasoma ripoti yake. Mkaguzi akamgeukia Rubani. "Redio nimeijaribu asubuhi kwenye mvua. Inasikika. Unasemaje?"

Rubani akafungua mdomo akanitazama, akaufunga. Hakutaka kunitaja. Hapo ndipo niliposimama.

"Mama," nikasema, "nina balbu hapa. Naomba upande ngazi."

"Mzee, mimi nimekuja kwa ajili ya leseni."

"Ndiyo hiyo iko juu ya ngazi."

Akapanda. Nilimpa nyaya ashike kwa mkono wake mwenyewe. Mkiani, balbu giza. Akahama bawani, balbu ikawaka. Akarudi mkiani, giza. Akanitazama kutoka juu. Nikamwambia afungue skrubu. Akafungua, akakiona kitako na rangi yake.

"Nani alipaka?"

"Mimi."

"Na za mbawa?"

"Zilikuwa hivyohivyo hadi tarehe tatu, nikazikwangua kwa siri. Huyu mtoto hajui. Siku ya trekta zote nane zilikuwa zimezibwa. Alichosikia ni mimi."

Mwenye Ndege akakaa kwenye kopo la rangi. Kipaza akaikunja ripoti yake. Mkaguzi akashuka, akaniletea fomu na kalamu. "Andika," akasema.

Nikamwambia herufi zangu ni mbaya.

"Sikuomba nzuri."

Imenichukua dakika arobaini mbele ya watu. Niling'oa ndevu nane. Nilipaka rangi chini yake. Karatasi sikusoma. Sikuandika. Nimeficha siku saba. Kisha jina langu.

Tarehe 11

Majibu. Rubani anabaki na leseni yake, na barua ya onyo, kwamba asiposikia mnara hana ruhusa ya kudhani. Amekubali, kasema ni haki. Injinia naye ana barua yake. Kipaza ameongeza mstari kwenye ripoti kwa mkono wake, kwamba rubani hakuweza kusikia, akaniletea nione kabla ya kuituma. Mimi siruhusiwi kushika bisibisi kwenye ndege yoyote hadi nifaulu mtihani wa maandishi. Mtihani. Mimi.

Rubani hajaongea nami tangu jana.

Tarehe 13

Amekuja nyumbani, kasimama mlangoni.

"Rangi nimekusamehe siku ileile. Kila fundi anakosea. Lakini tarehe sita nilikaa mbele yako nikikuuliza, ukaniambia goti."

"Ndiyo."

"Usiniambie goti tena."

Nikamwambia sitamwambia goti. Mke wangu akamwita ndani ale, akakataa, akaondoka.

Tarehe 16

Mvua.

Tarehe 19

Mke wangu ananisomesha. Alimaliza kisomo cha watu wazima, mimi nilikitoroka. Ana fimbo ya mwiko. Leo nimesoma ile karatasi ya kwenye kopo la skrubu, maneno yote. Picha yake nzuri, inaonyesha chuma uchi na mshale. Aliyeichora anajua kazi. Labda si kunizidi, lakini anajua.

Tarehe 23

Mvua zinapungua. Nilikuwa nimekaa benchi la nje ya banda, mikono mifukoni kama sheria inavyotaka. Injinia amekwisha kukwangua zile mbili za mkiani na kuondoka. Rubani akatua, akazima, akashuka, akapita mbele yangu. Akaenda hatua tano, akasimama, akarudi.

"Kuna kitu kingine," akasema. "Si Kikaango, si Mbu, si Saa. Nikigeuka kushoto tu. Injinia kasema hasikii kitu."

"Siruhusiwi kugusa."

"Sijakuambia uguse."

Nikasogea kwenye benchi akapata nafasi. Nikamwambia akae, aniigie hiyo sauti kwa mdomo, taratibu, tangu inapoanza, na asiongeze chumvi.